Watu wa Chini ya Bahari Hawana Moto

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi jioni mbele ya wasomaji na waandishi chipukizi hapa Dar es Salaam. Mvua iliwazuia wengi, hasa waliokuwa watoke Mbagala na ng'ambo ya Kigamboni, nao wameomba wayasome. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Hadithi, hadithi!

(Ukumbi: Hadithi njoo!)

Semeni mpaka mwisho, wanangu, kama tulivyofundishwa na bibi zetu. Hadithi, hadithi!

(Ukumbi: Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!)

Ahsanteni sana. Sasa hebu tuyatazame hayo maneno, maana tumeyazoea mno hata hatuyasikii tena. Msimulizi hajaanza. Hajasema hata "hapo zamani za kale". Ni ninyi wasikilizaji mnaouita uongo uje. Hakuna anayewadanganya. Mnajua ni uongo, mnauita kwa jina lake, mnaukaribisha ndani na kuuvutia kigoda. Sharti lenu ni moja tu: utamu ukolee. Msimulizi akishindwa hapo, mna haki ya kusinzia.

Nimefundisha Kiswahili miaka 32, na kwa miaka hiyo yote vijana wameniletea miswada yao. Mingine imeandikwa kwenye madaftari ya shule, mingine siku hizi inakuja kwenye simu. Nimeisoma yote, na swali moja halijaniacha. Kwa nini ulimwengu mmoja wa kubuni unatuita tuingie tukae, na mwingine wenye maajabu mara kumi zaidi unatuacha tumesimama mlangoni? Kwa nini?

Jibu langu ni fupi, nami nitalirudia jioni hii mpaka mlichoke. Ulimwengu wa kubuni huvutia kwa kile ulichokosa. Sisemi kwa kile ulichonacho, ndugu zangu. Kwa kile ulichokosa.

Nilikulia Magomeni. Umeme ulipokatika, bibi mzaa mama alitandika mkeka uani, akawasha kibatari, sisi wajukuu tukamzunguka. Alikuwa na hadithi moja aliyotusimulia miaka na miaka bila kuimaliza. Alisema pale mbele ya feri, maji yanapobadilika rangi, kuna mji chini ya bahari. Una mitaa, una soko, una msikiti. Watu wake hufua nguo maji yakijaa na kuzianika maji yakipwa. Wana lulu, wana dhahabu ya majahazi yaliyozama, wana samaki wanaotumwa dukani kama tulivyotumwa sisi. Tukasikiliza, na nawaambieni kweli, tukaanza kupiga miayo. Lulu zilikuwa mbali nasi.

Ndipo usiku mmoja binamu yangu akauliza, "Bibi, hao watu wanapikia nini?"

Bibi akanyamaza. Kisha akasema, "Hawapiki. Utawashaje moto chini ya maji? Wanakula vibichi tangu wazaliwe. Ndiyo maana usiku, upepo ukivuma kutoka bara na kuwapelekea harufu ya mkaa wetu, hupanda mpaka ufukweni, wakakaa gizani, wakanusa mihogo inayochomwa."

Hakuna aliyepiga miayo tena. Tangu siku ile, kila niliponunua muhogo wa kuchoma ufukweni, wenye chumvi na pilipili, nilitazama majini kabla sijauma. Niliwaonea huruma. Nilitaka kuwamegea.

Mnaona kilichotokea? Kwenye lulu tulikuwa watazamaji. Kwenye moto tukawa majirani. Aliyekosa kitu hukitamani. Anayekitamani hutoka kwake kwenda kukitafuta. Akishatoka kwake, hadithi imeanza, na sisi tuko nyuma yake.

Miaka michache iliyopita kijana mmoja aliniletea mswada wa kurasa zaidi ya 300. Falme saba, mazimwi yanayoruka, minara, theluji. Kijana mwenye bidii kweli, na sentensi zake zilikuwa safi. Nilisoma kurasa 40, nikamwita.

Nikamwuliza, "Baba, watu wa ufalme huu wanakula nini?"

"Kila kitu, mwalimu. Ni nchi tajiri."

"Maji wanateka wapi?"

"Maji yapo tu."

"Na huyu mfalme, watu wanamtii kwa nini?"

"Wanamtii tu, mwalimu."

Yapo tu. Wanamtii tu. Wanangu, hilo neno "tu" limeua hadithi nyingi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Nikamrudishia mswada na ombi moja: ainyime nchi yake kitu kimoja, kitu kidogo cha jikoni, kisha aone watu wake watafanya nini. Alikaa miezi mitano. Aliporudi, ufalme mmoja hauna chumvi. Basi. Falme sita alizifuta. Na kwenye ukurasa wa kwanza wa mswada mpya, askari wa mpakani wanalamba viganja vya wasafiri mmoja mmoja ili kujua nani ametoka pwani. Nilisoma mpaka alfajiri, maana nilitaka kujua huyo mwenye kiganja cha chumvi atafanywa nini.

Tuje sasa kwa mkubwa wetu wa masimulizi ya pwani, Fumo Liyongo. Mnamjua: mtu wa miraba minne, mpiga upinde, bingwa wa mashairi. Habari zake zilipita kinywa kwa kinywa vizazi kwa vizazi, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akazitungia utenzi. Ukimwuliza mwanafunzi anakumbuka nini, atakwambia nguvu. Mimi leo nawaomba mtazame mkate.

Liyongo yuko gerezani, amefungwa minyororo. Kila siku mama yake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Je, chakula kizuri kinamfikia? Hakimfikii. Walinzi wanakila palepale mlangoni. Basi Liyongo anatunga shairi, anampa Saada alifikishe kwa mama: aoke mkate wa wishwa, yaani wa pumba, na katikati yake aweke tupa. Mama anaelewa. Anaandaa vyakula vizuri, na pamoja navyo anaoka huu wa pumba. Walinzi wanapora vizuri, huu wa pumba wanamwachia mfungwa. Nani ale pumba? Mfungwa anaumega, anakuta chuma cha kukatia chuma. Kisha anaomba lichezwe gungu. Ngoma inarindima huko nje, watu wanaimba, naye ndani anakata mnyororo, na mlio wa tupa unamezwa na mlio wa ngoma.

Ndugu zangu, nimeifundisha hadithi hii miaka yote hiyo na bado mkate ule unanisisimua. Mtunzi hakutupa sura nzima ya kueleza jinsi mji ule ulivyo. Ametupa mkate. Kutokana nao tunajua nani anakula vinono na nani anaachiwa pumba. Tunajua walinzi ni watu wa namna gani. Tunajua mama ana akili kiasi gani. Na tunajua jambo jingine zito: anayebeba uhuru wa shujaa ni kijakazi, kwa sababu mtu asiyehesabiwa hakuna anayemshuku. Ulimwengu mzima umo ndani ya mkate mmoja, na uliotufungulia mlango ni upungufu. Liyongo angekuwa anafikiwa na chakula kizuri, tusingekuwa na hadithi.

Na sindano je? Mwili wa Liyongo haudhuriki kwa silaha za kawaida. Sehemu moja tu: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo anaitoa kwa kinywa chake mwenyewe, kwa mwanawe wa kumzaa aliyehongwa na adui. Mwana anamchoma usingizini. Liyongo anaamka na maumivu, anachukua upinde, anakwenda mpaka kisimani, anapiga goti, anapachika mshale, na kufa katika hali hiyo. Watu wanamwona kwa mbali na kudhani yu hai. Hakuna anayethubutu kwenda kuteka. Mji mzima unakosa maji kwa kumwogopa maiti!

Nani kati yetu, hapa Dar es Salaam, asiyejua mji kukosa maji? Nani asiyejua foleni ya ndoo na madumu tangu saa kumi alfajiri? Ndiyo maana tunaingia. Hatujawahi kuwa na mwili usiopitisha mkuki, lakini kiu tunaijua. Mpe mhusika wako nguvu zote upendazo, mwanangu, mrushe angani, mpitishe ukutani. Kisha niambie: sindano yake iko wapi? Na siku akianguka, ni nani atakosa maji?

Shaaban Robert alilijua hili. Mwaka 1951 alituletea Kusadikika, nchi inayoelea hewani. Hilo peke yake ni ajabu, na mwandishi mwingine angejaza kitabu kizima kwa kutueleza mawingu. Yeye akaipeleka hadithi mahakamani. Karama ameshtakiwa, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, wa tano mbinguni, wa sita ardhini, wakaleta manufaa kwa nchi yao. Zawadi waliyopewa ni kifungo. Nchi ile haikukosa wajumbe wala hekima. Ilikosa masikio. Wahakiki wengi wameisoma kama picha ya Tanganyika iliyokuwa chini ya Waingereza wakati huo. Sawa. Lakini niambieni, msomaji wa leo anayeifungua hajui lolote juu ya gavana wala mkoloni, mbona naye anaumia? Anaumia kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kusema neno la kweli mbele ya watu walioziba masikio.

Juu ya majina nitapita haraka. Jina la mahali lisiwe jipya kama kiatu kilichotoka dukani leo. Jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Midomo yetu ikalitafuna lile jina la Kiingereza mpaka likawa letu, na maumivu ya wale wabebaji bado yamo ndani ingawa tunaponunua vitenge hatuyakumbuki. Jina la namna hiyo lina kitu kilichodondoka njiani. Msomaji anahisi kimedondoka kitu, anataka kujua nini. Yatafuneni majina yenu kabla hamjatupatia.

Sasa nataka nizungumze na wale mnaotaka kuandika, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1826, kaskazini mwa Uingereza, mchungaji mmoja wa kanisa alimletea mwanawe wa kiume, Branwell Brontë, sanduku la askari wa mbao. Branwell na dada zake Charlotte, Emily na Anne wakawapa askari wale majina, wakawapa safari, wakawapa nchi. Waliiandika nchi hiyo katika vijitabu vidogo vya kuenea kiganjani, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kwa kipimo cha askari wao. Mchezo ule haukuisha utotoni. Charlotte alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu bado anaandika habari za falme zao. Baadaye dada wale watatu wakawa waandishi wa riwaya zinazosomwa mpaka leo.

Je, mnajua nchi hiyo waliiweka wapi? Waliiweka kwetu. Pwani ya Afrika Magharibi, jirani na Ashanti. Watoto ambao hawajawahi kukanyaga bara hili. Kwa nini huku? Mimi naamini ni kwa sababu katika ramani za Ulaya za siku zile, sehemu kubwa ya ndani ya Afrika ilikuwa karatasi tupu. Pengo liliwaita. Pengo huwaita waandishi kama linavyowaita wasomaji. Ukiona mahali pasipoandikwa, mkono unakuwasha.

Lakini hapa naomba tusimame. Karatasi ile tupu ilikuwa nyumbani kwa watu. Waashanti walikuwa na ufalme, walikuwa na mji wao Kumasi, walikuwa na dhahabu na sheria na wazee waliojua kila kijito kwa jina. Palikuwa patupu kwa mchora ramani peke yake. Watoto wale siwalaumu, walichezea kile walichopewa na vitabu vya wakubwa wao. Sisi tulio humu ukumbini hatuna udhuru huo. Kuna pengo uliloliacha kwa makusudi katika ulimwengu wako, na kuna pengo lililopo kwa sababu wewe mwandishi hukuuliza. Hayo ni mapengo mawili tofauti, na msomaji anayajua kwa harufu.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nayakuta kwenye miswada yetu wenyewe. Nakuta "kijiji cha porini" ambacho watu wake hawana majina, wana uchawi basi. Kile ni nyumbani kwa bibi ya mtu! Nakuta Tandale ambayo ina vibaka peke yao, imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kushuka pale akanywa chai. Tandale ina mafundi cherehani, ina madrasa, ina mama ntilie anayewajua wateja wake kwa madeni yao. Kama hujui, nenda ukaulize. Ukishauliza, ndipo uchague uinyime nini.

Mtaniuliza, mwalimu, nitajuaje kwamba pengo langu ni la kwanza na si la pili? Tazameni kinywani. Kwetu mwanya ni urembo, tumeuimbia nyimbo. Lakini mwanya unaonekana kwa sababu ya meno yaliyousimamia huku na huku. Asiye na jino hata moja hana mwanya, huyo ni kibogoyo. Pengo la hadithi ni hivyo hivyo. Lijengee meno. Pande zote zake ziwe imara, zimejulikana, zimeulizwa, ndipo ile nafasi moja iliyo wazi ivutie jicho.

Na kipimo cha uimara kipo. Mwaka 1881, mwandishi Robert Louis Stevenson alikuwa Braemar, Uskoti, mvua ikinyesha kama ya leo. Yuko ndani na mtoto wake wa kambo, wanachora na kupaka rangi. Akachora ramani ya kisiwa, na kwenye ramani ile wahusika wakaanza kumtokea. Ndiyo hadithi ya kisiwa cha hazina, ambayo wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Ulipofika wakati wa kuchapa kitabu, ramani ikapotea njiani ikipelekwa kwa wachapishaji. Ikambidi akae chini, asome maandishi yake mwenyewe neno kwa neno, apime kila umbali alioutaja, achore upya. Akaweza, ingawa ile ya pili hakuipenda kama ile ya kwanza. Jiulizeni, ndugu zangu: ramani yangu ikipotea leo, maneno yangu yanatosha kuichora tena? Mtu akisoma kurasa zangu, anaweza kutoka nyumbani kwa mhusika mpaka kisimani bila kuniuliza mimi njia?

Nimalizie kwa bibi, maana nilianza naye.

Bibi alifariki bila kutueleza kwa nini watu wa chini ya bahari huwa hawauchukui moto. Wanakuja, wananusa, wanarudi. Kwa nini? Nilipokuwa mtoto niliudhika sana kwa kutoambiwa. Mwaka jana nilivuka na mjukuu wangu kwenda Kigamboni. Daraja lipo, lakini nilitaka tupite kwa feri ili nimsimulie pale pale, maji yanapobadilika rangi. Nilimweleza yote, mitaa, soko, nguo za kuanika, mihogo. Alisikiliza ameshika chuma cha pembeni, macho majini. Tulipokaribia ng'ambo akaniuliza, "Bibi, na akitokea mmoja akaiba kaa la moto, atashuka nalo vipi bila kuzimika?"

Nikamwambia sijui. Na kweli sijui.

Ana miaka 11. Jioni ile aliomba daftari, na mpaka juzi alikuwa ameandika kurasa 23. Yuko msichana aliyejaribu kubeba kaa ndani ya kifuu cha nazi, kikapasuka. Akajaribu ndani ya gamba la kombe. Sasa amekaa ufukweni usiku, vidole vimeungua, anamtazama mama anayechoma mihogo na kumpenda kwa mbali. Hanipi kurasa zilizobaki. Anasema hawezi kuniruhusu nisome kabla hajajua moto utashukaje.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mikono imeshaanza kunyooshwa huko nyuma. Aanze huyo dada mwenye ushungi wa kijani.